Vidonge Vyeupe na Udongo Mweupe

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, sokoni Lyulilo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya vyungu vya Bibi, nimeinamia ndoo kana kwamba natafuta kitu ndani yake, kumbe natafuna kidonge. Vidonge vyangu ni vyeupe, vikubwa, vya kutafuna, na ukivitafuna vinakuachia unga kwenye pembe za mdomo. Mama Suma, ambaye hupanga vyungu vyake karibu na vyetu, akanyoosha shingo.

"We Tupo, unatafuna nini?"

"Hamna, mama."

"Hiyo hamna ndiyo inatoa unga mdomoni?" Akawageukia wenzake. "Jamani! Mjukuu wa mwenzetu ameanza kula udongo!"

Kwetu huku ziwani maneno hayo yana maana moja tu. Pale pale pembeni ya vyungu huuzwa udongo wa kula, vipande vidogo vilivyokaushwa vizuri, na wanaovinunua ni wajawazito. Msichana wa kidato cha tatu akionekana anatafuna kitu cheupe, hakuna atakayeuliza kama ni dawa.

"Mimba ya miezi mingapi?" mmoja akauliza.

"Mwacheni, mtoto wa shule huyo."

"Si ndio hao hao!"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa kile cha kuchangamsha soko kabla wateja hawajafika. Mimi nikameza kilichobaki bila kutafuna, kikakwama kooni, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Walipoyaona machozi wakanyamaza wote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba wameamini.

Nawaandikia nyinyi, watoto wa shangazi, mnaobeba udongo sasa hivi na mikono yenu bado laini. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na minane. Chekeni tu, lakini nilianza kufinyanga kabla sijajua kuandika jina langu, na sasa nimechaguliwa kwenda kidato cha tano huko milimani kwenye baridi, ambako nasikia udongo wake ni wa kupandia viazi tu. Siku Bibi aliponiruhusu kuacha kazi alisema, "Nenda kasome, lakini mikono yako niachie." Sidhani kama alikuwa anatania.

Kwa mdomo nisingeweza kuwaambia haya. Mnanijua, nikiombwa kusoma somo kanisani naugua tumbo tangu Alhamisi. Kwa hiyo naandika, na nitachanganya ya kazi na ya mwili wangu, kwa sababu kwangu mimi hayakuwahi kuachana.

Tuanze na kazi. Udongo ukitoka shimoni usiuamini. Ukanyage kwa kisigino, halafu uupapase kwa vidole vyote ukiwa umefumba macho. Kokoto yenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti inatosha kupasua chungu motoni, na chungu kimoja kikipasuka kinamvunja na jirani yake. Ukikizungusha chungu kwenye kigae chake, usivute ukuta kwa nguvu za bega, vuta kwa pumzi. Kwangua kwa gunzi, sawazisha kwa kipande cha kibuyu, ng'arisha kwa jiwe la ziwani. Na kausha kivulini! Mimi niliwahi kuanika vyungu vya oda juani ili viwahi kukauka nikacheze. Vikapasuka midomo, vyote. Bibi hakunipiga wala hakunifokea. Alinipa mchi akasema, "Visage, uloweke, uanze upya." Nilisaga huku wenzangu wakipita kwenda kuogelea.

Bibi ndiye mwalimu wangu wa pekee. Anasema zamani chungu hakikuwa na bei. Mtu alikuja kutoka Ipinda au Busale na mpunga wake, akakijaza chungu, mpunga ukabaki kwako na chungu kikaenda naye. Siku hizi wateja wanatuma picha kwenye simu. Oda ya kwanza ya vyungu vya maua ilipokuja, ni mimi niliyemsomea Bibi ujumbe kwamba mteja anataka kila chungu kiwe na tundu chini.

"Tundu?"

"Ndiyo, Bibi. Maji yatoke."

"Nikitoboe mwenyewe? Maisha yangu yote namwomba Mungu visitoboke, leo nikitoboe kwa mkono wangu?"

Alivitoboa. Lakini kila alipotoboa kimoja aligeuza uso pembeni, kama mtu anayechinja kuku aliyemfuga.

Sasa shingo. Rovu langu lilianza nikiwa darasa la saba. Kwanza kilikuwa kivimbe kidogo tu, nikadhani ni sauti inayobadilika kama ya wavulana. Baadaye likajaa. Darasani walikuwa wakiniambia, "Umemeza yai la bata, litapike!" Nikaanza kujifunga mtandio shingoni, Bibi akiniuliza kama ninaumwa na baridi kwenye joto hili la Kyela. Kwenye kwaya nilihamia mstari wa nyuma. Halafu moyo ukaanza kukimbia hata nikiwa nimekaa, mikono ikatetemeka, vyungu vyangu vikatoka na mawimbi. Mama yangu, anayelima mpunga Busale, alikuja, akafungua mtandio kwa nguvu, akatazama, akakaa chini. Mwisho wake nilipelekwa hospitali kubwa, mbali na kwetu, na rovu likatolewa.

Daktari wa huko alikuwa mama mmoja mpole sana. Upasuaji ulipopita, vidole vyangu vilianza kufa ganzi na midomo ikawa inachonyota kama nimelamba pilipili. Akaja, akaketi kitandani kwangu, akanieleza. Alisema tezi ya shingo imekaa kama kipepeo, na nyuma ya kipepeo huyo wamejibanza wadogo zake wanne, kila mmoja na ukubwa wa punje ya mchele. Rovu likiwa kubwa, kuliondoa bila kuzigusa punje hizo ni kazi ngumu. Wakati mwingine zinakosa damu, zinalala. Nyingine huamka baadaye. Nyingine haziamki.

Zangu hazikuamka.

Na kazi yake ni hii, sikilizeni vizuri. Sisi tunadhani mfupa ni kitu kilichokufa kama gogo. Siyo. Mfupa ni ghala, na kila siku madini ya kalsiamu yanaingia na kutoka humo. Damu ikipungukiwa kalsiamu, zile punje nne zinatoa homoni yake. Homoni inafungua ghala, inaziambia figo zisiimwage kalsiamu kwenye mkojo, na inaiamsha vitamini D ili utumbo uinyonye kalsiamu ya chakula. Mimi ghala limejaa lakini wenye funguo wamelala. Nina mifupa migumu kabisa na damu yenye njaa. Na damu ikiwa na njaa hiyo, mishipa ya fahamu inafanya kazi bila kutumwa. Misuli inakaza yenyewe.

"Kwa hiyo utatafuna kalsiamu kila siku, na hiki kingine cha vitamini," daktari alisema. "Dawa ya tezi tuliyoitoa umeze alfajiri peke yake na maji. Kalsiamu utafune baadaye, pamoja na chakula. Ukizichanganya zinashikana, hakuna itakayofika."

"Mpaka lini?"

"Kila siku, mwanangu."

"Nikiacha?"

Hakunificha. Alisema mikono itakakamaa, kisha miguu, na siku moja itakuwa koo, na koo likikaza hewa haipiti. Mtu anakufa akiwa macho.

Kwa hiyo nilijua. Nataka mlielewe hilo tangu sasa. Nilijua kila kitu. Hata mwalimu wetu wa baiolojia alipochora shingo ubaoni na kuuliza nani anazijua tezi zile nne za nyuma, nilikuwa najua jina lake, ukubwa wake, kazi yake na dalili zake zote. Mwalimu akangoja. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Baada ya ile Jumamosi nilianza kutafunia chooni. Choo chetu kina ukuta wa matete, na mtu akiwa nje anasikia. Nikawa nakisaga kidonge kwa meno ya mbele polepole kama panya. Kisha nikahamia nyuma ya migomba. Kule nako wanawake wanapita kwenda shimoni, na mmoja aliniona nikifuta mdomo akasema tu, "Pole, mwanangu," kwa ile sauti wanayowapa wenye mimba changa. Kanisani mama mchungaji alinishika bega akasema kama nina jambo nisiogope kumwambia. Nilisema sina. Usiku ule nililia, si kwa sababu wamenisingizia. Niliona aibu kwamba watu wazima wote wale walikuwa wamekaa mahali wakaongea juu ya tumbo langu.

Nikaanza kuruka dozi. Leo najiambia nitatafuna kesho. Kesho nitatafuna jioni. Dawa ya tezi niliendelea nayo, maana ni ndogo, unaimeza na maji hakuna anayejua. Ile ya vitamini nayo nilikuwa naimeza. Nyeupe ndizo nilizoacha.

Bibi aliligundua kwa sababu alizoea kusikia kopo likichakacha. Aliniuliza tukiwa tunapaka vyungu, wawili tu.

"Dawa umeziacha?"

Nikaendelea kupaka.

"Tupo."

"Wananicheka, Bibi. Wanasema natafuna udongo. Wanasema..." Sikumaliza. Alikuwa anajua wanachosema. Alikuwa amekisikia kabla yangu na hakuniambia.

Akaomba kidonge kimoja. Akakiponda kiganjani, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyopima udongo, akalamba kidogo. Akafikiri. Kisha akachovya kidole kwenye bakuli la udongo mweupe tunaochorea maua kwenye vyungu, akasugua, akalamba nao.

"Hivi ni kitu kimoja," akasema.

"Siyo, Bibi. Ile ni..."

"Miaka yangu yote nashika udongo. Hiki ni cheupe, laini, hakina mchanga. Na hiki vilevile. Hospitali wanakifinyanga kwenye mashine tu." Uso wake ulikuwa umechangamka, amepata njia. "Nitakusagia huu wetu, nitakuwekea kwenye uji. Utakunywa kama wengine wanavyokunywa uji. Nani atakuona unatafuna?"

Wadogo zangu, darasani tulikuwa tumeshajifunza. Chokaa ukiimwagia asidi inatoa mapovu, kwa sababu ni kalsiamu kaboneti, ile ile ya vidonge vyangu. Udongo wa mfinyanzi ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Lakini aliponiangalia vile, na mimi nikafikiria uji, kikombe cha uji wa kawaida ambao hakuna mtu angenyoosha shingo kuutazama, nikasema, "Ndaga, Bibi." Nilimshukuru. Kila asubuhi nilikunywa uji mzito wenye ladha ya mvua ya kwanza, nikamshukuru tena.

Ganzi ilianza kwenye midomo. Nikajiambia ni uji wa moto. Ikaja kwenye vidole. Nilikuwa navuta ukuta wa chungu, mkono wa kulia ukajikunja wenyewe, vidole vyote vimenyooka na kushikana, gumba limeingia ndani ya kiganja. Bibi akacheka kidogo, akaukanda.

"Mkono wako umekaa kama wa mkunga anayemtafuta mtoto."

Tukacheka wote. Akasema nimezidisha kazi, akaongeza udongo kwenye uji.

Siku ya kuchoma vyungu ilikuwa Ijumaa mchana. Mnajua kazi ile ilivyo: kuni chini, vyungu juu, majani makavu juu ya vyungu, na watu wa kuzunguka na kuongeza majani kila moto unapotoboka. Ile kazi ni ya kukimbia. Nilikimbia, nikahema, moshi ukaniingia, nikahema zaidi. Baadaye nilielezwa kwamba kuhema sana kunaifungia kalsiamu ile kidogo iliyobaki kwenye damu. Mimi nilichokiona ni mikono yangu miwili ikifunga kwa pamoja na fungu la majani limo ndani, likiwaka upande mmoja, na sikuweza kuliachia.

"Tupa! Tupa, we mtoto!" Mama Suma alikuwa ananipigia kelele kutoka upande wa pili.

Nikataka kusema siwezi. Ikatoka sauti nyembamba kama ya kifaranga. Koo lilikuwa linafunga. Mama Suma akanirukia, akalipiga lile fungu la majani kwa kijiti mpaka likaanguka, na mimi nikaanguka nalo. Kuanzia hapo sikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mwili ukirukaruka na siwezi kuuzuia. Nakumbuka mtu akisema kifafa, mwingine akisema msimguse. Nakumbuka Bibi amepiga magoti, bakuli la udongo mweupe mkononi, anajaribu kunifungua meno kwa kijiko.

"Mama, atapaliwa!" Mama Suma akamshika mkono. "Iteni pikipiki!"

Nilipakiwa katikati, dereva mbele, Mama Suma nyuma akinikumbatia, kanga imetufunga wote watatu kama mzigo. Na hapo nilikuwa nimejikojolea. Nilikuwa na fahamu za kutosha kulijua hilo, na za kutosha kujua kwamba yule mama anayenikumbatia amelowa kwa ajili yangu. Nilitamani koo lifunge moja kwa moja.

Hospitalini walidhani degedege ya malaria. Lakini tabibu, kijana mmoja mwembamba, aliona kovu langu shingoni. Akaniuliza kama nilifanyiwa upasuaji wa rovu, nikatikisa kichwa kukubali. Akanifunga mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo akauacha umekaza. Mbele ya macho yetu wote mkono wangu, uliokuwa umeanza kulegea, ukajikunja tena ule mkunjo wa mkunga.

"Kalsiamu," alisema. Akamwita nesi, wakanichoma dawa ya mshipani, polepole sana, huku akisikiliza moyo. Joto likanipanda kifuani. Kisha gumba la mkono wa kulia likatoka kiganjani lenyewe, bila mtu kulivuta. Nililitazama kama si langu.

Bibi alifika baadaye kwa bajaji. Alitaka kumwamkia tabibu kwa heshima zote, yule kijana akamwahi, "Shikamoo, bibi." Bibi akasema amekuja na dawa ya mtoto. Akafungua fundo la kanga. Ndani kulikuwa na udongo mweupe, umesagwa vizuri, umechujwa, msafi kuliko ule tunaopakia vyungu.

"Huu ndio namwekea kwenye uji," akasema. "Ni kama vidonge vyenu, ila hauonekani."

Nikageukia ukutani. Nilitaka tabibu asicheke. Mungu wangu, nilisema moyoni, asicheke.

Hakucheka. Akatoka, akarudi na nusu ya limao na kidonge kimoja. Akaponda kidonge kwenye kisahani, pembeni yake akaweka chembe ya udongo wa Bibi. Akakamulia limao. Kidonge kikachemka mapovu madogomadogo, yakitoa sauti. Udongo ukakaa kimya. Ukayanywa yale maji ya limao tu, ukawa tope.

Bibi aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Haujibu," akasema.

"Haujibu, bibi. Hauna kalsiamu ya kumpa."

"Na unanyonya." Alisema polepole sana, kwa sauti aliyoitumia siku ile ya kutoboa vyungu. "Ukiupaka kwenye chungu unanyonya maji hapo hapo. Basi tumboni..."

"Tumboni unaweza kunyonya hata dawa nyingine anazomeza," tabibu akasema. "Lakini ameshafika, bibi. Mikono imefunguka, ona."

Bibi hakuitazama mikono yangu. Alifunga lile fundo la kanga, akalifungua, akalifunga tena. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia, mimi niliyesoma. Angeuliza ningejibu. Aliketi kwenye kiti cha mbao pembeni ya kitanda akaanza kuisugua ile mikono yake mwenyewe, kiganja juu ya kiganja, kama anaondoa kitu. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwamba aliyekosea ni mimi niliyetaka kufichwa. Nilisema, "Bibi, nenda ukapumzike." Akasema hajachoka. Tulikaa hivyo, kila mmoja anaona aibu upande wake, na hakuna aliyeweza kuvuka kwenda kwa mwenzake.

Kesho yake asubuhi wodi ilijaa. Wodi ya wanawake ina vitanda vilivyokaribiana, na wanaoleta chakula wanakaa hata kwenye vitanda vya wengine. Mama Suma alikuja na chupa ya uji, amevaa gauni safi. Nikashindwa kumtazama kwa sababu ya lile la jana la pikipiki.

"Ugonile, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetutisha!" Akamimina uji, akainama kwangu, lakini sauti yake haijui kunong'ona. "Na mtoto je? Amesalimika?"

Wale wa kitanda cha jirani wakaacha kutafuna maandazi. Bibi akawahi, "Ni malaria. Ni malaria tu ilimpanda." Alikuwa ananifunika, kama alivyonifunika kwa uji.

Muda huo huo nesi akafika na sinia la dawa, akaniwekea kidonge cheupe kwenye kiganja. "Kitafune na uji wako, nikuone."

Nilitazama mlango. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua, na nesi asingenikataza kwenda. Nilishaanza kuteremsha mguu. Bibi alikuwa anatazama kidonge kile, na niliona kwamba nikienda chooni atajua ninakwenda kukitupa, na hatasema neno, kwa sababu baada ya udongo anajiona hana haki ya kuniambia kitu chochote cha dawa. Nikaupandisha mguu kitandani.

"Siyo malaria," nikasema. "Wala sina mimba, mama. Nilitolewa rovu, na tezi zingine za shingoni hazifanyi kazi. Hii ni dawa yake. Bila hii nakufa."

Mama Suma akakunja uso. "Unasemaje? Ongea, sikusikii."

Ilibidi nirudie. Uso uliniwaka mpaka masikioni, na wodi nzima, hata wale waliokuwa mlangoni na mabakuli yao, walikuwa wananisikiliza. Nikavuta pumzi, nikasema yote tena tangu mwanzo kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kanisani. Kisha nikaweka kidonge mdomoni, nikakitafuna wakiniona.